Waliompigia Mkeka Mwalimu Ariovaldo

Lindalva alikuwa mwokaji mikate, na hakuna kitu alichokidharau zaidi ya unga usioumuka, isipokuwa Cleber.

Cleber alikuwa na mkanda wa kahawia, shingo nene na miaka ishirini na tisa. Mwalimu wao, Ariovaldo, alikuwa na mkanda mweusi, miaka sitini na mbili, kitambi, na magoti yaliyokwisha kazi zamani. Lakini kila Jumanne asubuhi wawili hao walipokamatana kwenye mazoezi ya jujitsu, hazikupita dakika tatu Cleber alikuwa chali, mwalimu amemlalia kifuani kutokea ubavuni, na mkono wa Cleber ukijileta wenyewe kunaswa. Mwalimu alizunguka, akaketi, akajitupa nyuma ili aunyooshe, na kabla hata mgongo wake haujagusa chini, Cleber alikuwa ameshapiga mkeka kwa kiganja, pa, pa, kwa kishindo cha kusikika mpaka kwenye duka la matairi lililo chini ya ukumbi wao. Ukipiga mkeka umekubali kushindwa, na mwenzako anakuachia. Cleber alikubali upesi kama mtu anayeitikia salamu. Kisha alisugua kiwiko kisichouma hata kidogo na kusema, "Leo ulikuwa unanivunja, mwalimu. Nimekuona kabisa."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa unyenyekevu wa kujitia, akawageukia wanafunzi wengine awaeleze tena siri ya ile kufuli yake ya kiwiko. Siri yenyewe alikuwa ameshaieleza mara elfu moja. Unamlalia mtu ubavuni. Akikusukuma shingoni kwa mkono wa mbali, unaukumbatia mkono huo, unapitisha mguu juu ya kichwa chake, unaketi na kulala chali huku mkono wake umeubana katikati ya mapaja yako. Hadi hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwamba Ariovaldo, kwa sababu ya kitambi na magoti, alikuwa akiketi mbali na bega la mtu, na magoti yake yakibaki wazi kama mlango wa duka. Kiwiko cha mtu kilikuwa na nafasi ya kupumua, kujikunja na kwenda zake. Hakikwenda kwa sababu mwenyewe hakukiruhusu.

Katika ukumbi ule wa mtaa wa Cascadura hakuna aliyewahi kuitamka sheria hiyo, lakini mgeni aliijua kabla hajajua kufunga mkanda wake vizuri: mwalimu akiushika mkono wako, unapiga mkeka. Mikanda ilitoka mkononi mwake na kwa siku aliyoitaka yeye. Basi walimvika kilemba cha ukoka, wakubwa kwa wadogo, na mzee akakivaa akaona kimemkaa.

Lindalva naye alikuwa amempigia mkeka kwa miaka sita. Hilo hakulihesabu. Kwake yeye ilikuwa heshima. Kwa Cleber ilikuwa kujipendekeza. Tofauti hiyo aliiona wazi, ingawa hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuiona.

Sasa mkanda wa zambarau, hatua moja chini ya ule wa Cleber, ulikuwa umemfikia mlangoni. Majina ya watakaovishwa mikanda Jumamosi yalibandikwa ukutani, na lake lilikuwa la nne. Miaka sita, mwanamke wa miaka thelathini na minane, anayekanda unga tangu saa kumi alfajiri kisha anakuja kukandwa yeye. Aliutaka mkanda ule kwa uchu ambao asingeukiri kwa mtu. Dada yake alikuwa ameshaagiza nyama ya kuchoma, na nusu ya mtaa walikuwa wamealikwa.

Lakini Jumapili iliyotangulia kulikuwa na mashindano ya jimbo, na huko Lindalva aliumbuka.

Alikutana na binti mmoja wa mtaa wa Bangu, mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa kwa kubana kichwa. Lindalva alimwangusha, akaivuka miguu yake, akamlalia ubavuni kwa uzito wake wote wa mikate ya siagi. Alikuwa mbele kwa pointi tano, na imebaki dakika moja. Mtu mwenye akili angelala pale pale mpaka saa iishe. Binti akamsukuma shingoni kwa mkono wa mbali, na Lindalva akauona ule mkono, akasikia moyoni sauti ya mwalimu, akaukumbatia. Alizunguka vizuri sana. Aliketi mbali, magoti wazi, kama alivyofunzwa, akajitupa nyuma na kusubiri.

Hicho ndicho kilichomchoma baadaye kuliko kushindwa kwenyewe. Alisubiri. Alilala pale akitazama taa za ukumbi, akisubiri binti wa watu apige mkeka kwa adabu, kama wanavyofanya Cascadura. Binti wa Bangu hakuwa na adabu hiyo. Alikunja kiwiko, akakichomoa, akainuka na kumkalia Lindalva tumboni, na saa ilipolia, pointi zilikuwa sita za binti kwa tano zake.

Jumanne asubuhi walikuwa watu kumi na wanane, wamepangwa ukutani kwa rangi ya mikanda. Mwalimu Ariovaldo alisimama katikati, mikono nyuma.

Alianza kwa kusema kwamba ameumia. Akasema kufuli ile ameifanya kwa miaka arobaini na haijawahi kumwangusha hata siku moja. Basi kama imeshindikana Jumapili, kasoro si ya kufuli. Hakumtaja mtu, ila macho ya wenzake wote kumi na saba yalimgeukia Lindalva, yakiongozwa na ya Cleber.

"Alikosa imani, mwalimu," Cleber alisema. "Mimi nilikuwepo. Aliingia nusunusu."

Lindalva alimtazama yule bwana mwenye shingo ya ng'ombe na ulimi wa paka, ambaye mashindano ya jimbo aliyaona kutoka jukwaani, mkononi ana andazi la kuku. Jibu alikuwa nalo, lakini Jumamosi ilikuwa siku nne mbele.

"Njoo hapa, dada," mwalimu akasema. "Lala. Nikuonyeshe ulipokosea, wenzako wasirudie."

Akaja, akalala chali. Mwalimu akamlalia ubavuni, anahema, ananuka dawa ya kuchua misuli. Lindalva alimsukuma shingoni kwa mkono wa mbali kama inavyotakiwa, na mkono ukakumbatiwa. Ukafuata ule mzunguko ambao kwa kweli bado ulikuwa mzuri. Mzee akaketi mbali. Magoti wazi. Akajitupa nyuma.

Kiganja cha Lindalva kilikuwa tayari kimeinuka. Miaka sita si mchezo. Mkono una mazoea yake. Akauona mkono wake mwenyewe hewani, unakwenda kupiga mkeka kwa kitu ambacho hakikumuuma, na dharau yote aliyokuwa akimwekea Cleber ikamrudia kooni kama chakula kilichochacha. Akaushusha taratibu, akauweka tumboni.

Mwalimu akavuta. Kiwiko kikajikunja kidogo, kikakaa kwa raha zake. Mwalimu akainua nyonga, uso umeiva. Hakuna kitu.

"Piga mkeka, dada," alinong'ona.

Lindalva aliitazama feni ya darini. Alifikiria zambarau. Kupiga mara mbili tu, na Jumamosi ingebaki palepale, na nyama, na picha.

"Vuta, mwalimu," alisema, wala si kwa kunong'ona. "Bado."

Akavuta tena, mpaka akakohoa. Ndipo Lindalva akauzungusha mkono wake, akauchomoa pasipo haraka, akaketi. Hakuna aliyecheka. Cleber alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ameviona leo.

Mwalimu aligeuka, akawapa mgongo, akaufungua mkanda wake na kuufunga upya. Alichukua muda mrefu kwa kazi ya sekunde tano. Alipogeuka tena hakumtazama Lindalva.

"Cleber. Lala."

Cleber akalala, maana kulala mbele ya mwalimu ndiyo kazi aliyoiweza zaidi. Mzee akamlalia ubavuni na kukumbatia mkono. Akapitisha mguu. Na hapo, kabla hajaketi, kabla hajavuta chochote, mkono wa Cleber ukiwa umekunjwa vizuri kama wa mtu aliyelala usingizi, kiganja chake kikapiga mkeka: pa, pa.

Safari hii kila mtu alisikia kilivyokuwa kishindo cha kijinga. Cleber mwenyewe alisikia. Akafungua mdomo aseme ule usemi wake wa kuvunjwa, usemi ukagoma kutoka.

Ariovaldo aliuachia mkono ule kwa upole. Akakaa chini, miguu mbele, kitambi kimemwagika juu ya mkanda mweusi, akawatazama mmoja mmoja kutoka kahawia hadi nyeupe. Wote waliinamisha vichwa.

"Ni nani hapa hajawahi kunifanyia hivi?"

Hakuna mkono ulioinuka. Lindalva alikaribia kuinua wake. Ulifika usawa wa kiuno, ukakwama.

"Wewe, dada," mzee alisema. "Wewe una miaka sita hapa. Mara ngapi?"

"Kila mara, mwalimu. Ila leo."

"Na ulijua kwamba kufuli hii hainyooshi mkono?"

"Nilijua."

"Ukaenda nayo mashindanoni."

Kwa siku mbili nzima Lindalva alikuwa amemlaani mzee huyu mbele ya tanuri, kila trei na tusi lake, kwamba amemfundisha uongo. Sasa akaona kwamba uongo ule aliukanda yeye kwa mikono yake, kila Jumanne, na akautia chachu.

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

Angeweza kusema heshima. Neno lilikuwa tayari, limeiva, na wote wangemshukuru kwa kulitumia.

"Niliutaka mkanda," alisema.

Mzee alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili ukumbi ule.

"Mimi nilikuwa najua nimezeeka," alisema. "Nilihisi mnaniachia kidogo. Nikasema moyoni, wananionea huruma, si vibaya, watoto wazuri hawa." Akaguna. "Kumbe hata huruma haikuwemo."

Akainuka kwa tabu, akaenda ukutani, akaibandua ile karatasi ya majina, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya koti lake la mazoezi. Kisha akarudi katikati, akalala chali mwenyewe, akaunyoosha mkono wake wa kulia kwa Lindalva.

"Jumamosi hakuna mkanda wa mtu yeyote. Nenda kawaambie wenye nyama wasije," alisema. "Haya, nifunge wewe. Keti karibu. Na nisipopiga mkeka, usiniachie."