Nusu Ambayo Haikuhesabiwa

Kompyuta ya Waringa ilikuwa na tabia ya kuhesabu kila ilipowashwa. Kioo kilibaki cheusi, kisha namba nyeupe zikaanza kupanda mbio pale juu pembeni, mpaka zikasimama: 65536. Baada ya hapo ndipo rangi zilipokuja. Waringa, ambaye watu wa mtaa wa Kabiria walimwita Mama Norman, alitumia muda huo kufagia mlango wa duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi. Nzula, msichana aliyemwajiri, alibaki akitazama namba. Hakujua zilihesabu nini. Alijua tu kwamba hazijawahi kusimama mahali pengine.

Alhamisi hiyo zilisimama palepale, lakini kazi haikusonga. Wahome, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Riruta, alikuwa amefiwa na mama yake. Mazishi yalikuwa kesho yake, naye alitaka kijitabu cha kugawia waombolezaji: nyimbo, historia ya marehemu, majina ya wajukuu, na picha kwenye jalada. Kwa mara ya kwanza Waringa alikuwa amemwachia Nzula kazi ya namna hiyo peke yake. Nzula alikuwa amekwisha kuchapa maneno yote na kuyapanga vizuri. Kilichobaki ni ile picha. Kila alipoiingiza kwa skana kwa ukubwa wa ukurasa mzima, mshale uligeuka kuwa saa ya mchanga, na saa ya mchanga ikaganda hapo mpaka wazime kila kitu.

"Tuipunguze," Waringa alimwambia Wahome, aliyekuwa amesimama kaunta. "Tunaiweka hapa juu, kadogo hivi, inakaa tu poa."

"Hapana, Mama Norman. Nilisema ukurasa mzima. Mama yangu hakuwa stempu."

"Sasa mashine imekataa, nifanyeje?"

"Nitapita jioni. Kama bado imekataa nitapeleka Kawangware, kuna jamaa huko ako na mashine mpya. Si kwa ubaya."

Akatoka, akaiacha picha ndani ya bahasha yake. Nzula aliitazama bahasha, kisha akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaiambia kibodi, "Fundi alisema inataka memori."

"Fundi gani?"

"Yule alikuja kutoa vumbi. Alisema hii iko na kidogo, picha kubwa haitoshei."

"Hiyo ni mwaka jana. Umenyamaza mwaka mzima?"

"Hukuniuliza."

Waringa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Basi leo nimekuuliza. Inanunuliwaje hiyo memori?"

Nzula hakujua, lakini alijua vitu vingine vinanunuliwaje. Mtu wa Kabiria haendi mjini kununua zipu bila kubeba zipu iliyoharibika, wala kifungo bila shati, wala skrubu bila skrubu mwenzake. Unabeba sampo. Mwenye duka akiona sampo, maneno hayahitajiki, na kwa Nzula hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya sampo. Wakachomoa nyaya za umeme, wakafungua ubavu wa kompyuta, na Nzula akafanya kama alivyomwona fundi akifanya: akagusa chuma kwanza, akasukuma vishikizo viwili vyeupe, na kipande chembamba cha kijani kikainuka chenyewe. Kilikuwa na vidude vyeusi juu yake na mapengo mawili kwenye ukingo wa chini. Akakifunga kwa leso, akaenda mjini.

Duka la Taranjit lilikuwa orofa ya kwanza, katika jengo moja nyuma ya Moi Avenue. Taranjit alikuwa mzee wa Kisikh mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kilemba. Alizaliwa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi.

"Sema, dada."

Nzula akafungua leso. Taranjit akakishika kile kipande kwa kingo zake.

"Hii ni ya zamani. Unataka kubwa? Mashine yenyewe ni gani?"

"Ya kawaida."

"Ya kawaida aje? Iko na jina?"

"Ni nyeupe," Nzula alisema, na masikio yakamwaka moto. Nyuma yake kulikuwa na wateja wawili. "Lakini sampo si hiyo hapo?"

Taranjit aliwaangalia wale wateja, akaiangalia sampo, akatoa kipande kingine kutoka kwenye droo. Akavilaza pamoja. Urefu ulikuwa mmoja. Mapengo yalikuwa mawili, mahali pamoja. Cha zamani kilikuwa na kibandiko cha 64, kipya kilikuwa na kibandiko cha 256. Nzula alivitazama kwa karibu, kama anavyolinganisha vifungo, akaridhika.

Aliporudi Kabiria alimkuta Waringa ameifunika kompyuta kwa kitambaa.

"Nilijaribu kuiwasha nione," Waringa alisema. "Ikapiga kelele, piiii, kama mtoto amefinywa. Nikazima haraka. Tumeiharibu?"

"Hapana. Haikuwa na memori hata moja."

"Kwa hivyo ilikuwa inaitafuta." Waringa akaiangalia kompyuta kwa huruma mpya. "Weka hiyo mpya peke yake kwanza. Nataka kuona nguvu yake."

Kipande kiliingia bila shida, vishikizo vikajifunga. Waringa aliwasha, akachukua ufagio kwa mazoea. Nzula akatazama namba. Zilipanda, zikapita pale zilipokuwa zinasimama siku zote, na moyo wake ukapanda nazo. Zikasimama: 131072.

"Umeona? Imeongezeka," Waringa alisema.

Wakaingiza picha. Safari hii ilianza kuonekana kutoka juu, mstari kwa mstari: kitambaa cha kichwani, paji la uso, macho. Kisha saa ya mchanga ikaganda.

"Imefika puani," Waringa alisema. "Si haba. Asubuhi hata kitambaa hatukuona. Labda ndiyo nguvu yake yote, Nzula. Wahome atatuelewa."

Lakini Nzula alikuwa bado kwenye ile namba. Shule aliiacha darasa la sita, ila kuzidisha kulikuwa kumemkaa. Kipande cha zamani kiliandikwa 64, kipya 256. Hiyo ni mara nne. Mbona hesabu ya kompyuta ilikuwa imeongezeka mara mbili tu? Ama kibandiko kilidanganya, ama kompyuta ilidanganya, ama kulikuwa na kitu cha tatu ambacho hakukijua. Na hicho cha tatu ndicho kilichomwasha zaidi. Alizima, akafungua tena ubavu, akainama mpaka kichwa chake kikaingia ndani. Alikumbuka swali la Taranjit ambalo alishindwa kulijibu: mashine yenyewe ni gani? Maandishi yalikuwa kila mahali, madogo kama sisimizi. Akachukua kalamu, akanakili kwenye kiganja chake yale yaliyokuwa juu ya chipu kubwa kuliko zote, herufi kwa herufi.

"Unaenda wapi tena?" Waringa aliuliza.

"Kuuliza."

"Wewe?"

Lakini Nzula alikuwa amekwisha kutoka, kipande kipya kikiwa ndani ya leso.

Safari hii kwa Taranjit palikuwa na foleni. Nzula alingoja zamu yake, na ilipofika hakutangulia na sampo. Alisema, "Mzee, imeingia, lakini inahesabu nusu."

"Nusu ya nini?"

Akamtajia namba ya zamani na namba mpya, na jinsi ambavyo kibandiko kilisema mara nne. Taranjit akaweka chini kile alichokuwa ameshika.

"Nani alikuambia uangalie hapo? Watu hufikiri hiyo ni mapambo."

"Hakuna mtu. Huhesabu kila asubuhi, mimi huingoja."

"Lete mkono."

Nzula akafungua kiganja. Taranjit akashusha miwani ya juu, akasoma kwa shida wino uliochanganyika na jasho. Sehemu ya mwisho ndiyo aliyoisoma kwa sauti: "BX. Hiyo ndiyo aina ya bodi ya mashine yako. Sawa, sawa. Hapo asubuhi ungesema hivi, hungerudi. Na mimi pia ningekuuliza mara ya pili, lakini watu walikuwa wananipumulia kwa shingo. Ngoja."

Alivuta kasha la vipande vilivyotolewa kwenye kompyuta za ofisi, akachakura, akatoa kimoja, akakiweka kando ya kile alichorudisha Nzula.

"Zote mbili ni mia mbili hamsini na sita. Niambie tofauti."

Nzula alivitazama. Urefu ule ule, mapengo yale yale. Akaomba ruhusa kwa macho, akavigeuza. "Hii iko na vidude upande mmoja tu. Hii iko navyo pande zote."

"Basi. Mzigo ni ule ule. Hii yako ya upande mmoja, kila kidude kimebeba mara mbili. Bodi yako ni ya zamani, ilitengenezwa wakati vidude vizito hivi havikuwa vimetoka. Inasoma kila kimoja mpaka nusu, inafikiri imefika mwisho."

"Kwa hivyo haidanganyi."

"Haidanganyi. Inakuambia kile inajua."

"Na ile nusu nyingine iko wapi?"

Mtu mmoja kwenye foleni akaguna. Taranjit hakujali. "Iko hapo hapo, dada. Ni vile hakuna mtu anaifikia."

Nzula alilitafakari jambo hilo kidogo, likampendeza. Kisha akaona maandishi mengine. "Hapa imeandikwa 133. Ya zamani ni 100."

"Hiyo ni mwendo. Hiyo usijali, mwenye mbio akitembea na mwenye pole anapunguza. Chukua hii ya pande mbili, na ile ya zamani irudishe pia, zikae pamoja. Na ukikwama, piga simu, uniambie namba inasema nini."

Jua lilikuwa limelegea aliporudi. Wahome alikuwa amefika tayari, amekaa kwenye benchi na bahasha magotini, na Waringa alikuwa akimpa chai ili asiondoke. Nzula akaweka vipande viwili, kimoja kando ya kingine, akawasha. Namba zikapanda. Zikapita ya asubuhi, zikapita ya mchana, zikaendelea mpaka Waringa mwenyewe akasimama kuzitazama. Zilipotulia kwenye 327680, mara tano ya namba ya zamani, Nzula alikuwa amekwisha kujumlisha kichwani.

"Zimetimia," alisema.

Akaomba picha, akailaza kwenye skana. Ikaja kutoka juu: kitambaa, paji la uso, macho. Ikapita pua. Ukaja mdomo, shingo yenye shanga, mkono ulioinuliwa kidogo, gauni, viatu. Picha ilikuwa imejaa kioo chote, na ikabaki.

Wahome alisogea karibu. Kwenye picha ndogo mwanamke yule alionekana mkali. Kwa ukubwa huu mdomo wake ulikuwa wazi, na meno mawili ya chini yalionekana.

"Alikuwa anasema nini?" Nzula aliuliza. Waringa alimtupia jicho, lakini swali lilikuwa limetoka.

"Alikuwa anamfukuza mpiga picha," Wahome alisema. "Anamwambia aache kumaliza filamu kwa wazee, aende apige watoto." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anaongea."

Nzula aliiwasha printa, na wote watatu wakasikiliza karatasi ya kwanza ikivutwa.