Robota Halifunguliwi

Mwaka ule wa 1991 sikuweza kutulia mahali pamoja. Niliinuka, nikachungulia barabara ya mtaa wetu wa Kimisagara, nikarudi kwenye cherehani, kisha nikainuka tena, kana kwamba wateja wetu walikuwa wamepotea njia na walihitaji kuelekezwa.

Hawakuwa wamepotea. Bei ya kahawa yetu ilikuwa imeanguka huko ng'ambo inakonunuliwa, na thamani ya faranga yetu ikashushwa. Kitambaa cha gauni kikawa ghali kuliko gauni lenyewe lilivyokuwa zamani. Wakati huohuo marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya yalimiminika mjini. Wachuuzi walizimwaga chini wakipiga kelele, "Chagua! Chagua!" Hata asiyejua neno jingine la Kiswahili alilijua hilo, na nguo zenyewe zikaitwa hivyo: chagua.

Mume wangu Usumani, ambaye pia ni fundi, alichoka kungoja.

"Mama Kirezi," aliniambia jioni moja, "nimepatana na Eustache, yule mwenye ghala. Tunampa cherehani, anatupa robota."

"Lina nini ndani?"

"Nguo."

"Nguo gani? Yakiwa makoti ya theluji utamuuzia nani, sokwe wa milimani?"

"Robota halifunguliwi kabla ya kununuliwa. Ndiyo desturi yao."

"Kumbe anayeita watu waje kuchagua, yeye mwenyewe hakuchagua!"

Alicheka kidogo, lakini hakubadili neno lake. Cherehani ilikuwa hiyo moja tu. Robota likiwa bovu, tusingekuwa na nguo za kuuza wala chombo cha kushonea, na watoto wangetuangalia machoni.

Asubuhi Eustache alifika, robota likisukumwa kwenye toroli. Alivuta kiti, akakanyaga pedali kwa majivuno. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, lakini mshono haukutokea.

"Mama, hii imekufa?"

"Haijafa, bwana Eustache. Kikasha cha uzi wa chini kiko hapa." Niligusa fundo la kitenge changu kiunoni.

"Basi kitoe nijaribu."

"Cherehani haifunguliwi kabla ya kununuliwa. Ndiyo desturi yetu."

Munyaneza, mshona viatu jirani yetu, alipiga makofi. "Amekukamata, tajiri! Leo umekutana na robota lenye mdomo!"

"Mama Kirezi!" Usumani alinikemea. Sikumtazama, nilijua nikimtazama nitalegea.

"Nitanunuaje kitu nisichojua kama kinafanya kazi?" Eustache aliuliza.

"Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kata kamba moja ya robota, nami nitafungua fundo langu. Tuone wote."

Alisimama, akalizunguka robota lake na kulibonyeza kwa kiganja. Nilidhani angetukana. Badala yake alishusha sauti.

"Hata mimi sijui kilichomo. Nami nauziwa likiwa limefungwa. Nikikata kamba nikakuta matambara, nimrudishie nani? Huyo aliyelifunga hata jina lake silijui."

"Basi usinibebeshe mimi hasara ya asiye na jina."

Aliondoka na toroli yake. Munyaneza hakucheka tena. Usumani alibaki akiwa ameshika mlango.

"Umeniaibisha mbele ya watu. Haya, niambie: leo tutakula nini?"

Kukaa mbele ya swali hilo kulinishinda. Nilichukua futi ya kupimia, nikashuka bondeni hadi kwenye malundo ya nguo. Huko niliona jambo ambalo hasira ilikuwa imenizuia kuliona: wanunuzi walikuwa wakijipima suruali zenye viuno vya watu wawili. Nikapaza sauti kuwashinda wachuuzi:

"Umeshachagua? Njoo upunguziwe!"

Mwanamume mmoja alisimama, suruali ikiwa mkononi. "Utashona na nini, mama, meno?"

Kabla sijajibu nilimwona Usumani akiteremka, kichwa cha cherehani begani, Munyaneza akimfuata na meza yake ya pedali. Usumani hakutabasamu, jasho lilimtiririka shingoni.

"Niiweke wapi?" aliuliza.

Malundo yalikuwa yamejaa kila mahali. Nilisukuma kwa mguu viatu vya watu wa nchi za baridi, mchuuzi akanitukana, nami nikaendelea kusukuma mpaka meza ikapata pa kusimama.