Umekunywa Dawa Leo?

Kila Rashidah alipofungua mdomo, wifi yake Zulaikha alimuuliza kwa upole, "Wifi, umekunywa dawa leo?"

Upole wenyewe ndio uliomchoma. Swali lilianzia kliniki. Muuguzi Santina alimpa Zulaikha kazi ya kumkumbusha mgonjwa vidonge, enzi zile Rashidah halali, haogi, anautazama tu ukuta wa chumba chao cha Bukoto na kutamani kufa. Zulaikha aliifanya vizuri, hilo tusimnyime. Akashika pia kibanda cha Rashidah pale Wandegeya, cha gurusa, mikate laini ya Kinubi inayogombewa na wanafunzi. "Nakushikia tu," alisema.

Sasa Rashidah amepata nafuu, na kibanda hakirudi. Akikidai, anaulizwa dawa. Akilalamikia chumvi, dawa. Hata mumewe Hamim, akiona mkewe amekunja uso, humtazama dada yake kwanza. Eti ukishaugua ugonjwa wa huzuni, huna tena ruhusa ya kukasirika. Watu wazima na akili zao!

Kwenye kikundi cha tiba, wanawake hukaa barazani pa kliniki na kufundishana kuyasema yanayowaumiza. Siku hiyo Rashidah aliyamwaga yote. Nabintu, Mkongomani asiyemung'unya maneno, akajifanya Zulaikha ili mwenzake ajizoeze kudai.

"Iyo ni hasira tu, haiko ugonjwa, dada," akamwambia mwishoni. "Enda umwambie vile uliniambia mimi."

Santina akakubali. "Vidonge usiache. Na kibanda kakidai."

Asubuhi yake Rashidah akaenda kibandani. Wanafunzi walijaa kwenye benchi. Hakupiga kelele, alisema kama alivyojizoeza.

"Wifi, asante kwa kunishikia. Nimepata nafuu. Nimekuja kuchukua kibanda changu."

Zulaikha akaweka mwiko chini, akamshika mkono mbele ya wateja wote.

"Pole, wifi. Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa. Ndiyo maana nimeweza kuja."

Kisha Onen, mteja wa zamani wa Rashidah aliyezoea kumwita mama, akachukua sahani yake na kusogea mbali naye kidogo.

"Zulaikha, niongezee mchuzi," akasema, macho kwenye sahani.

Machozi yakamlengalenga Rashidah. Akayazuia kwa nguvu zote, maana mbele ya watu wale hakuwa na ruhusa hata ya kulia.