Kola ya Shati

Watu wote humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Katika filamu thelathini na moja amekuwa shangazi yuleyule mwenye ulimi wa pilipili, anayeingia harusini bila mwaliko na kuondoka na heshima ya bwana harusi. Akifungua mdomo tu, watu hoi kwa kicheko. Nyingi kati ya filamu hizo nimezihariri mimi, na nasema bila kuona haya kwamba nilikuwa nimemchoka.

Kisha ikaja ile ya mama aliyefiwa. Mwandishi alimwekea maneno ya kilio ukurasa mzima, naye hakusema hata moja. Alisimama mezani akapiga pasi shati la shule la mwanawe, waliyekuwa wamemzika jana yake. Alilowesha kidole kwa mate akaigusa pasi kuona kama imepata moto. Akanyoosha mikono, mgongo, kola. Akalitundika shati, akalitazama, akalishusha, akainyoosha kola upya. Dakika nne. Nilikuwa peke yangu na kompyuta yangu, na nililia.

Mtayarishaji aliitazama akiwa amesimama. "Toa hiyo. Watu wanakuja kumsikia Shangazi akitukana, hawaji kuangalia nguo zikipigwa pasi."

Nikaitoa. Hiyo ni kazi. Mhariri anayebishana na mtayarishaji hukaa nyumbani. Ubaya wangu ulianza kesho yake, Shangazi alipokuja ofisini kwangu akaketi kwenye kiti kibovu, kando ya kapu la nyaya.

"Mdogo wangu, wewe hujui kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ile ya pasi, nilikuwaje?"

Ningemwambia kweli, angemwendea mtayarishaji palepale, na mtayarishaji angeuliza nani kamtia jeuri. Nilijipenda kuliko nilivyompenda yeye. Kulikuwa na jingine pia, dogo na chafu: miaka yote hiyo nilikuwa nikimdharau, na sikutaka pasi moja inisute.

"Ulikuwa mkavu, dada. Nimeitoa kukusitiri."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili. "Ahsante. Mwingine angeniacha niaibike."

Hakujaribu tena. Waongozaji wawili walimletea sehemu za huzuni akazirudisha, akisema mtu anayemwamini alishampima akamwona hana. Akarudi kutukana maharusi.

Miaka tisa baadaye, wapenzi wa filamu walikodi ukumbi alasiri moja kuonyesha kazi nzuri za waigizaji wa kike maarufu, zile zilizopita bila kusifiwa. Mlangoni walibandika: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtayarishaji alikuwa amekwisha kufa. Ile sehemu ya pasi nilikuwa nayo bado, nikawapelekea. Sijisafishi: nilitaka nisifiwe kwa kuitunza.

Kwa dakika nne hakuna aliyekohoa. Taa zilipowashwa, wengi walikuwa wakijifuta macho. Mwenye shughuli akanitaja, nikasimama, nikapigiwa makofi. Kisha Shangazi akapewa maiki.

"Huyu," akasema, akininyooshea kidole, "ndiye aliyeniambia nilikuwa mkavu."

Wakacheka. Shangazi huyo, kaanza mambo yake.

"Nikamwamini. Miaka tisa najiambia sina kitu ndani."

Wakapigapiga viti. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amejishika ubavu.

"Msicheke," akasema taratibu. "Sitanii. Huyu ameniua."

Hapo ndipo walipovunjika mbavu kabisa. Macho yake yalikuwa yaleyale yaliyoitazama kola, na katika ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haigizi. Akanikazia macho, akangoja niwaambie.

Nikacheka nao.