Paji la Uso la Mama

Kwenye msiba wa Febronia wa Mwankoko, wanaume waliokaa chini ya turubai walikuwa wanabishana kuhusu simu. Wala hawakunong'ona. Walibishana kama wako kijiweni kwao, vikombe vya chai ya rangi mkononi, miguu wameinyoosha, na Eliana, binti mkubwa wa marehemu, aliwasikia vizuri kabisa kutoka jiko la nje, alipokuwa amechuchumaa mbele ya sufuria ya maharage na moshi ukimwingia machoni.

"Hii Vexa 9 chaji yake si mchezo," sauti ya Gasto ilisema. "Unatoka nayo asubuhi, unarudi nayo usiku, bado inakucheka tu."

"Chaji hata tochi inayo," alijibu Chediel. "Wewe niambie, inachemka au haichemki? Maana ya kwangu naenda nayo mpaka Mtinko, naongea na wateja njia nzima, na ukiishika imepoa."

"Ya kwako ni ya mwaka juzi, kaka. Usiifananishe."

Eliana aligeuza maharage kwa nguvu mpaka mchuzi ukamrukia mkononi. Mama yake alikuwa bado yuko mochwari. Gari la kumleta lilikuwa linatarajiwa mchana uleule, viti vya kukodi vimelundikwa mlangoni havijapangwa, na wanaume wazima, wenye ndevu na wake zao nyumbani, wanapima simu kwenye msiba wa watu. Alitamani awamwagie ile sufuria.

Simu yenyewe ilikuwa ya Laurian, mdogo wake. Laurian alikuwa na duka la vifaa vya umeme pale mjini, na Vexa 9 ilipoingia Singida alikuwa mtu wa kwanza kuinunua, akatembea nayo mkononi wiki nzima bila kuitia mfukoni. Gasto alikuwa jirani yao, dereva wa bodaboda. Chediel alikuwa binamu yao wa Mandewa, mnunuzi wa vitunguu. Wote watatu walikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp la wapenda simu, ambamo watu hutumiana picha za simu kama wengine wanavyotumiana picha za wachumba. Simu mpya ikitoka huko duniani, wao hawalali. Eliana mwenyewe alikuwa na kitochi chake cha kupiga na kupokea, na siku zote alikuwa akiwaacha na ulevi wao. Ila leo, jamani, leo walikuwa wamevuka mpaka.

Kilichompandisha hasira zaidi ni kwamba Gasto alikuwa ametumwa. Tangu asubuhi alikuwa ametumwa studio mjini akachukue picha ya marehemu, ile kubwa ya kwenye fremu inayotangulia mbele ya jeneza, na mpaka saa hizi kakaa. Eliana alifuta mikono kwenye kitenge, akatoka.

Hiyo picha kwake haikuwa kitu kidogo. Mama yake hakuwa na picha nyingine. Febronia alikuwa Mgogo wa Manyoni, aliolewa Unyaturuni akiwa msichana, na katikati ya paji la uso alikuwa na alama ya duara, ile ambayo wazee wa kwao walichomwa wakiwa wadogo. Miaka mingi nyuma, kwenye harusi ya Eliana mwenyewe, mpiga picha mmoja alimwambia, "Mama, shusha kilemba kidogo, hiyo alama isituharibie picha."  Febronia aliinuka kwenye kiti, akaenda kukaa na wapishi, na kuanzia siku ile hakukubali tena kamera yoyote mbele yake. Kwenye kitambulisho cha taifa, ambako hakuwa na hiari, alikuwa kitu cheusi tu, kidogo kama ukucha, huwezi kujua kama ni mtu au ni doa.

Mpaka mwaka huu, kwenye mavuno ya alizeti, Laurian alipokuja na simu yake mpya. Kitinda mimba hakataliwi kitu. Alimbembeleza mama yake akacheka, akakubali. Eliana alikuwepo. Alimwona mama yake akikaa kwenye kigoda, akinyoosha mgongo, kisha kwa mikono yake miwili akikisukuma kilemba nyuma mpaka paji lote la uso likabaki wazi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Laurian akapiga. Na tangu mama alipofariki, Eliana, ambaye hakuwa bado ameiona, alikuwa akijiambia kwamba angalau ile picha ipo, angalau watu watamzika mtu wanayemwona.

"Gasto," alisema alipofika kwenye turubai, "studio umekwenda au umeota umekwenda?"

"Naenda dada, naenda sasa hivi. Ngoja nimalizane na huyu Chediel. Anasema kamera ya hii simu ni ya kawaida. Laurian, hebu mwonyeshe ile picha ya mama."

Laurian hakungoja kuombwa mara mbili. Alitelezesha kidole kwenye kioo, akaigeuza simu wote waione. "Tazameni," alisema, na kwenye sauti yake mlikuwa na fahari. Alikuwa amefiwa, macho yamemvimba kwa kulia, lakini fahari ya simu ilikuwepo palepale. "Tazama ngozi hiyo. Hapo sijagusa kitu. Imejirekebisha yenyewe."

Chediel alisogeza uso. "Kweli imetulia," alikubali kwa shida. "Mwanga umekaa vizuri."

"Si nilikwambia? Hiyo siyo kamera, hiyo ni dobi," Gasto alisema.

Eliana aliinama akatazama. Aliona kilemba cha mama yake, kile cha maua ya njano. Aliona kigoda, na nyuma yake ukuta wa nyumba yao. Katikati aliona mwanamke wa makamo, mweupe kidogo, mashavu yamejaa, na paji la uso safi, laini kama sahani.

"Alama iko wapi?" aliuliza.

"Alama gani?"

"Laurian, usinitie wazimu. Alama ya mama iko wapi?"

Laurian aliivuta picha kwa vidole viwili, paji la uso likajaa kioo kizima. Hapakuwa na kitu. Alivuta tena, kana kwamba ilikuwa imejificha pembeni. "Itakuwa simu," alisema taratibu. "Inaondoa makovu. Chunusi, makovu, makunyanzi, inaondoa vyote. Imedhani ni kasoro."

"Imedhani." Eliana alimgeukia mdogo wake. "Na wewe ulidhani nini? Wewe uliyenyonya kifuani kwake ukiutazama uso ule. Umeitazama picha hii miezi yote, ukawatumia hao wendawazimu wenzako kwenye kundi lenu, mkasifia ngozi, na hujaona kwamba huyu siyo mama yako?"

"Dada, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie. Nataka ile ya kwanza, ambayo haijasafishwa."

 Ndipo Chediel, ambaye mdomo ulikuwa unamwasha, akaichukua simu na kuanza kuipekua. "Kuna sehemu kwenye setingi unaizima hiyo," alisema. "Hii hapa. Inaitwa urembo. Kwenye simu yangu inakuja ikiwa imezimwa, ndiyo maana mimi nasema simu yangu..."

"Chediel," Eliana alimkatiza, "ukiizima sasa, mama atarudi akae kwenye kigoda?"

Chediel aliirudisha simu kwa mwenyewe. Ya kwanza haikuwepo. Simu ilisafisha palepale kwenye kupiga, ikahifadhi kile ilichokipenda yenyewe.

"Usiende studio," Eliana alimwambia Gasto. "Picha hiyo haitakanyaga hapa."

Hapo Laurian naye akawaka. Alisimama, akasema kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume kwenye nyumba hii, kwamba msiba una utaratibu wake, kwamba jeneza la mama yake halitatoka bila picha kama la mtu asiye na watoto. Alisema ni alama tu, tena ya mambo ya kizamani, na wangapi wangependa wazazi wao watoke wazuri vile. "Nenda kailete," alimwambia Gasto, na Gasto, aliyekuwa anatafuta njia ya kukimbia, alipiga kiki pikipiki akaondoka.

 Eliana alirudi jikoni, akakaa kwenye gogo, na wanawake waliokuwa wakimenya viazi waliuona uso wake wakaacha kuongea.  Alimkasirikia Laurian, akamkasirikia yule mpiga picha wa harusi ambaye labda alishakufa zamani, akawakasirikia hata watu asiowajua, huko walikokaa wakitengeneza simu na kuamua uso wa mama yake una kasoro.

Picha ililetwa. Laurian aliiweka juu ya meza sebuleni, kwenye kitambaa cheupe, akawasha mishumaa miwili pembeni. Mafundi wa studio walikuwa wameikuza vizuri na fremu ilikuwa ya dhahabu. Watu waliingia, wakainamisha kichwa, wakatoka, na hakuna aliyesema neno, maana msibani nani aanze kuuliza.

Basi la Manyoni lilipopita, alishuka Mama Mdogo Yudita, mdogo wa marehemu, aliyebaki peke yake katika tumbo lao. Aliletwa ndani ameshikwa mikono. Laurian aliinama, "Shikamoo, Mama Mdogo," na bibi aliitikia marahaba huku macho yake yanamtafuta dada yake. Alisimama mbele ya meza. Mwanga wa mishumaa ulimwangaza usoni, na kila mtu mle ndani aliiona ile alama ya duara katikati ya paji lake, maana yeye na Febronia walichomwa siku moja, kwa kaa la moto mmoja.

Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu mwanamke ni nani?" aliuliza.

"Ni mama," Laurian alisema.

"Mama wa nani?"

 Bibi alitazama huku na huku kwa adabu, kama mgeni aliyeingia nyumba siyo. "Basi mimi nitakaa nje kidogo," alisema. "Mkishamaliza na huyu wa kwenu, mtanionyesha dada yangu." Akageuka kutafuta mlango.

Eliana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimpisha apite. Alikwenda jikoni. Alichukua koleo, akachokoa chini ya sufuria ya maharage, akachagua kaa moja jekundu, la mviringo, akarudi nalo sebuleni, na watu wakampisha njia. Kwa mkono mmoja aliilaza fremu kifudifudi mezani, akafungua mgongo wake, akaichomoa picha.

"Dada, unafanya nini?" Laurian aliuliza. "Dada, hiyo ndiyo picha tuliyonayo peke yake."

"Najua."

Aliligusisha kaa katikati ya lile paji laini. Karatasi ilitoa moshi na harufu ya plastiki, ikajikunja, ikatoboka tundu dogo la duara lenye kingo za kahawia. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Eliana aliliondoa kaa, akaliweka koleo chini sakafuni, akapuliza majivu, akairudisha picha kwenye fremu, akaisimamisha tena katikati ya mishumaa.

"Umeiharibu," Laurian alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Hata yeye alichomwa," Eliana alimwambia. "Alichomwa akiwa mdogo, akalia, akakua nayo, akaolewa nayo, akakuzaa wewe nayo. Siku uliyompiga picha alikisukuma kilemba nyuma kwa mikono yake ili uione. Wewe ulikuwa unatazama simu."

 Laurian alitazama picha. Nje gari la mochwari lilikuwa linaingia uani, na watu wakaanza kusogea, lakini yeye alibaki palepale anatazama, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Mama Mdogo Yudita alikuwa amerudi. Alisogeza uso karibu kabisa na kioo cha fremu, akalitazama lile tundu. "Ya kwake ilikuwa juu kidogo," alisema. Kisha alimwita dada yake kwa jina lake la utotoni, la Kigogo, ambalo watoto hawakuwahi kulisikia, na hapo ndipo alipoanza kulia, na wanawake wote wakampokea.

Eliana alimshikisha mdogo wake ile fremu kifuani. "Beba," alisema.

Laurian aliibeba. Alitangulia mbele ya jeneza mpaka kaburini, Gasto na Chediel wakiwa kati ya wabebaji nyuma yake, na njia nzima watu walikuwa wakiitazama picha ile yenye tundu, wengine wakivua kofia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilipigwa na simu gani.