Mlinzi Aliyekabwa Kabla Hajasema

Matusi yalianza kabla ya saa nne asubuhi. Mchezo wa kompyuta ulikuwa umetoka jana yake tu, watu hata uso hawajanawa, tayari wameshaumaliza na wameshakasirika. Mwandishi wa hadithi ya mchezo huo alikuwa mezani kwake ofisini, chai imepoa, anapitia jukwaa la mashabiki mtandaoni kwa kidole kimoja kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Wa kwanza kamwita mvivu. Wa pili kamwita kichaa. Wa tatu, ambaye alionekana ana elimu yake, aliandika aya sita kueleza kwamba aliyetunga mwisho ule ama hajawahi kucheza mchezo wowote maishani, ama anawachukia wanaocheza.

Ngoja nikueleze kilichowaudhi, maana bila hicho utadhani walikuwa wehu. Mfululizo wenyewe unaitwa Nyatia, na hii ilikuwa sehemu ya nne. Ni mchezo wa kujificha. Unakuwa Mnyatiaji, mwizi wa nyaraka za wakubwa, unaingia kwenye majumba yao na kutoka bila kuonekana. Hupigi risasi. Unatambaa, unasubiri mlinzi ageuke, na ukibanwa sana unamkaba kwa nyuma mpaka alegee, unamlaza pembeni, unapita zako. Sehemu tatu nzima, miaka tisa, sifa ya Mnyatiaji ilikuwa moja: hakuna mtu aliyewahi kumwona. Halafu sehemu ya nne, baada ya saa ishirini za kutambaa kwa tumbo, mchezaji anafika mwisho, na Mnyatiaji anasimama wima mchana kweupe, anatembea mpaka lango kuu, anainua mikono na kujisalimisha. Skrini inakuwa nyeusi. Imekwisha hiyo.

Jamani, watu walitoa povu.

Kinara wao alijiita Kimyakimya, na katika jukwaa lile zima hakuna aliyepiga kelele kumzidi. Huyu alikuwa anazijua sehemu zote tatu kwa moyo, hatua kwa hatua, mlango kwa mlango. Aliandika kwamba kwa miaka tisa wamefundishwa kujificha, na leo wanatolewa mlangoni kama wageni wa harusi. Akaanzisha madai: mwisho ubadilishwe, la sivyo kila shabiki aupe mchezo nyota moja. Kufikia jioni watu elfu arobaini walikuwa wametia sahihi. Wengine walitafuta picha ya mwandishi, wakaichora pembe na mkia. Mmoja alimtumia ujumbe wa faragha kumwambia kwamba anamwombea apofuke.

Kilichomchoma mwandishi si pembe wala mkia. Kilichomchoma ni kwamba wote, wenye adabu na wasio na adabu, walisema jambo moja: hakuna sababu. Mnyatiaji anajisalimisha bila sababu. Na sababu ilikuwepo. Aliiandika yeye mwenyewe, akaifuta, akaiandika tena kwa miezi minne, na ndiyo kitu alichokipenda kuliko vyote katika kazi yake.

Sababu ilikuwa kwenye tangi la maji. Karibu na lango la mwisho kuna tangi kubwa, na mbele yake wamesimama walinzi wawili, mzee na kijana, wamekupa mgongo. Ukijibanza nyuma ya tangi ukatulia, mzee anaanza kumsimulia mwenzake. Anasema yeye alimwona Mnyatiaji. Alimwona tangu nyumba ya kwanza kabisa, miaka ile, akitambaa chini ya dirisha, na akageuza uso makusudi kwa sababu alimhurumia. Kisha nyaraka zikaonekana hazipo, yeye akaulizwa, akasema kweli, na akalipia kwa miaka sita gerezani. Mnyatiaji amejibanza pale nyuma anasikia. Anayejiona kivuli anagundua kwamba alionekana, na kwamba mwingine ndiye aliyelipa. Sasa mtu akishasikia hayo, ataruka ukuta akaenda zake kulala?

Mazungumzo yale yalichukua dakika nne. Mtakwimu wa ofisi, dada mmoja asiyependa maneno mengi, alikuja na karatasi akaiweka juu ya meza ya mwandishi. Katika kila wachezaji mia moja, tisini na sita walikuwa wamemkaba yule mzee kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na wanne waliobaki walimpita bila kusimama.

Na kwa nini wasimkabe? Hapo ndipo mwandishi alipotaka ardhi ipasuke. Sehemu tatu nzima yeye na wenzake waliwafundisha watu hawa kwamba mlinzi aliyekupa mgongo ni wa kukabwa. Mchezaji hodari hasubiri. Na ofisini hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu kila mjaribu alikuwa anafuata karatasi ya majaribio, na karatasi ilisema: simama nyuma ya tangi, usibonyeze kitu, sikiliza mpaka mwisho. Wajaribu kumi na wawili walisimama, wakasikiliza, wawili wakafuta machozi, na wote wakaandika "sawa". Mwandishi na wenzake walikuwa wameificha hadithi yao vizuri mno.

Kuna jambo jingine ambalo wenzake ofisini walilijua lakini mashabiki hawakulijua. Sauti ya yule mzee ilikuwa ya baba yake mwandishi.

Baba hakuwa mwigizaji. Alikuwa mlinzi wa kweli, mlinzi wa ghala la dawa, na sasa alikuwa mstaafu anayeishi kwa binti yake, huyu huyu mwandishi. Walipotafuta sauti ya mzee wa tangi walisikiliza waigizaji tisa, na wote walisikika kama waigizaji. Mwandishi akamleta baba. Baba akavaa hedifoni, akasogeza kiti, akasimulia. Hakuhitaji sana kusoma kwenye karatasi, kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa yake. Siku moja, zamani, alimwona mpakiaji mmoja akitoka na boksi la dawa chini ya shati. Alijua mke wa mtu yule ni mgonjwa. Akageuza uso. Meneja alipomwita na kumuuliza kama aliona mtu, akajibu kwamba aliona, ila jina hatalitaja. Angeweza kusema hakuona kitu, na angerudi kwenye kiti chake pale getini. Alifukuzwa kazi kabla ya saa sita mchana. Gereza aliliongeza binti yake. Mengine yote ni ya mzee.

Tangu mchezo utoke, kila mwandishi akirudi nyumbani baba anamuuliza swali lile lile: wamesemaje juu ya yale maneno? Na mwandishi, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa anajibu kwamba wengi bado hawajafika pale. Angemwambiaje? Baba, watu laki tatu wamekukaba koo, hakuna aliyekuacha useme.

Siku ya kumi na moja ukapatikana mkosi mwingine. Shabiki mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa amejibanza nyuma ya tangi fundi bomba alipogonga mlango. Akaacha mchezo unaendelea, akaenda kumfungulia, akamwonyesha bomba linalovuja. Aliporudi akamkuta mzee katikati ya hadithi. Akasikiliza mpaka mwisho, akarekodi, akaweka jukwaani, na akaandika kwa unyenyekevu kabisa kwamba huenda wote wamekosea.

Mwandishi alipoiona ile video alifunga mlango wa ofisi akalia. Alidhani imekwisha. Alidhani sasa watamsikia mzee, na hata kama hawatamwomba msamaha angalau watanyamaza.

Thubutu! Moto uliokuwa unaelekea kuzimika ndiyo kwanza ukamwagiwa mafuta ya taa. Kimyakimya aliandika usiku kucha, na maneno yake yalikuwa na sumu kuliko yote ya mwanzo. Sikiliza alichosema: kwamba yeye alimaliza nyumba ya kwanza ya mchezo wa kwanza akiwa na miaka kumi na nne, amelazwa hospitali, mguu kwenye plasta, na alijaribu mara mia mbili mpaka akapita bila kuonekana. Ndicho kitu pekee alichokiweza mwaka ule. Leo anakuja mwandishi kumwambia kwamba alionekana, kwamba mlinzi alimhurumia tu. "Mmeninyang'anya kitu changu," aliandika, "na mmekificha nyuma ya tangi ili nisijue nani kakichukua."

Mwandishi alisoma pale mara tatu. Alimchukia yule mtu kwa moyo wake wote, na hasira yake ilizidi kwa sababu hakuweza kusema kwamba ni mwongo.

Mkurugenzi hakuwa na muda wa kupima nani mkweli. Aliwaita wote mezani, akasema kampuni imefikia kikomo. Itatoka apdeti, toleo lililorekebishwa. Mnyatiaji ataruka ukuta na kutoroka kama kawaida yake, na mzee wa tangi atasema maneno mengine. Maneno yenyewe alikuwa ameshayaandika, mistari miwili: Sikuona mtu. Miaka yote niliyosimama hapa, sijaona hata kivuli. Mwandishi akauliza kwa nini wasimwondoe mzee kabisa. Fundi sauti akaeleza, macho chini, kwamba mzee anasikika sehemu nyingi za mchezo, hang'oki, na sauti lazima iwe ile ile. Mkurugenzi akamalizia kwa upole: mzee aletwe wiki hii, au kiti cha mwandishi apewe mtu mwingine.

Kwa siku mbili alijikaza asiseme kitu. Siku ya tatu baba aliuliza tena wamesemaje, na safari hii mwandishi alimwambia yote. Kukabwa, fundi bomba, Kimyakimya na mguu wake, mistari miwili. Kiti chake tu ndicho alichokiruka. Alisema ameamua kumjibu mkurugenzi kwamba baba anaumwa koo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Nisipokwenda," aliuliza, "wewe watakufanya nini?"

Mwandishi alisema hawatamfanya kitu. Alilisema haraka mno. Baba hakumbishia, alikwenda kutafuta viatu vyake vya kutokea.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ya sponji ukutani na kioo kimoja kikubwa. Mwandishi alikaa upande wa kioo pamoja na fundi sauti, kwa kuwa kumwongoza msomaji ndiyo kazi yake, na hakuna mwingine wa kuifanya. Baba alivaa hedifoni. Mara ya kwanza aliusoma mstari kama barua ya serikali. Fundi sauti akamtazama mwandishi. Mwandishi akabonyeza kitufe cha kuzungumzia.

"Baba, useme kama unamjibu mtu. Kuna mtu amekuuliza."

"Nani?"

Mwandishi aliacha kitufe. Baba alitazama karatasi, kisha akaiweka chini, akakaa sawasawa kwenye kiti kama aliyeitwa mbele ya meza ya mkubwa.

"Sikuona mtu," alisema. "Miaka yote niliyosimama hapa, sijaona hata kivuli."

Alilisema bila kutetereka, kwa uchovu kidogo, kama mtu anayeshangaa hata kuulizwa. Fundi sauti aliinua dole gumba. Mwandishi alikuwa na haki ya kusema hapana, kitufe kilikuwa chini ya kidole chake, na wala hakuhitaji ujasiri wa ajabu. Alisema imetosha, nzuri, asante baba. Njiani kurudi alijichukia, na baba alizungumza habari za viatu vinavyombana.

Apdeti ilitoka Ijumaa. Jumapili mchana walikuwa wamekaa kula, baba, mwandishi, na kaka yake mkubwa. Kaka huyu alikuwa fundi rangi wa magari, kucha zake hazikuwahi kutakata, na alikuja kila Jumapili kumwona mzee. Aliacha shule mwaka ule ule baba alipofukuzwa ghalani, ili mdogo wake aendelee. Habari hiyo haikuwahi kuzungumzwa mezani pale. Simu ya mwandishi ilikuwa inalia kila dakika, jukwaa linasherehekea, na baba akamwambia basi asome, wamesemaje.

Mwandishi alitafuta tusi la kusoma, kwa sababu siku ile tusi lingekuwa afadhali. Hakulipata. Akasoma ya Kimyakimya. Alikuwa ameandika kwamba sasa mwisho una akili, kwamba amerudishiwa chake, na kwamba hajui yule mzee wa tangi wamemtoa wapi, lakini akisema hakuona mtu, unamwamini kabisa.

"Soma tena hapo," baba alisema.

Akasoma tena. Baba alitikisa kichwa taratibu, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Ningelisema hivi siku ile," alisema, "kaka yako angemaliza shule."

Kaka mtu aliacha kutafuna.