Zumari au Kinanda

Tangu kifua kimwondoe mumewe Sufiani, Mwanvita hakuwa ametoa chozi. Wanawake wa Kichangani walikuja na khanga za kufutia machozi wakarudi nazo kavu, na wapo waliokwisha kuanza kunong'ona, kama ilivyo kawaida ya watu wasio na kazi. Mwenyewe alijiona kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hausikii kitu. Aliona aibu kwa hilo, na hata aibu yenyewe haikuwa kali.

Alikuwa bado yumo edani Lukasi alipokuja. Huyu alikuwa fundi aliyerekodi nyimbo zote za marehemu. Kwa sababu ya eda, Lukasi alikaa sebuleni, Mwanvita chumbani nyuma ya pazia, na mama mkwe, Bi Zuhura, akaweka kigoda chake katikati, mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sema shida yako."

Shida ilikuwa kampuni mbili za kusikilizia muziki kwenye simu, Zumari na Kinanda. Zote ziliutaka wimbo wa mwisho wa Sufiani, na kila moja iliutaka uwe kwake peke yake. Wa kuamua ni mjane.

"Kinanda sauti yao nyepesi, shemeji, haili bando. Hata mkulima wa Matombo ataupata kwa simu yake iliyofungwa mpira. Zumari hawapunguzi kitu kwenye sauti, ila ni ya wenye nazo. Wote wameniganda kama ruba, wanataka jibu leo."

"Wewe unaonaje?" Mwanvita aliuliza.

"Mimi fundi, nitasema Zumari. Sikiliza mwenyewe."

Simu na hedifoni zikapitia mikononi mwa Bi Zuhura, chini ya pazia.

Mwanvita alianza na Kinanda. Gitaa, sauti ya mumewe, mvua ya mbali. Wimbo ulikuwa mzuri. Alisubiri umguse, haukumgusa.

Akafungua Zumari. Hapo mvua ilipiga juu ya mabati ya nyumba ya Bi Zuhura kule Matombo, walikorekodia. Vidole vilikwaruza nyuzi. Kisha, kabla ya neno la kwanza, Sufiani alivuta pumzi, nayo ikapiga mluzi kifuani. Miezi yote ile alikuwa akimwambia ni mafua tu, baridi ya mlimani, naye akaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Kumbe kila mstari aliuhangaikia. Mwanvita akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena. Macho yalibaki makavu.

"Shemeji, ipi bora?"

"Zumari."

"Basi niwaambie Zumari."

"Wape Kinanda."

"Si umesema Zumari ndiyo bora?"

"Watu wamsikie akiimba," Mwanvita alisema. "Hii nyingine niwekee kwenye memori kadi, uniletee."

Akavipitisha vitu vile chini ya pazia. Bi Zuhura, ambaye maishani mwake hajapata kuvaa hedifoni, hakumrudishia Lukasi. Alizivaa juu ya mtandio, akamwonyesha simu abonyeze. Lukasi akabonyeza ile ya Zumari.

Kisha Mwanvita akasikia kigoda kikitikisika. Alinyoosha mkono chini ya pazia, akaupapasa mguu wa mkwewe, akaushika.

"Asiimbe kwanza," Bi Zuhura alimwambia Lukasi. "Rudisha pale anapohema."